Mwongozo kamili: namna ya kupanga kona safi ya kukopi CD na DVD hata kama una chumba kimoja tu

Mtu akinipigia simu anataka kuanza kazi ya kukopi CD na DVD, swali lake la kwanza huwa ni mashine: ninunue ya trei ngapi, bei gani, inapatikana wapi. Mimi namuuliza kwanza, meza yako ikoje? Hii kazi nimeifanya miaka mingi hapa Katwe, Kampala, nakopia kwaya na makanisa yanayoabudu kwa Kiswahili, harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), mazishi, mahubiri, na nakwambia ukweli, diski nyingi zilizorudishwa kwangu mashine ilizichoma, yaani ilizijaza data, vizuri kabisa, zikaja kuharibikia mezani. Vumbi, kidole chenye mafuta, diski tupu kuingia kwenye rundo la zilizochomwa, basi.

Na usiseme CD zimepitwa na wakati. Kuna bibi yuko Nakivale, kambi ya wakimbizi, deki yake ya DVD inatumia sola, bando ya kuangalia video ya saa mbili kwenye simu hawezi kuinunua, yeye mahubiri ya mtoto wake ameyapata kwa DVD. Kuna hizi gari zote zilizotoka Japani na redio ya CD kwenye dashibodi. Kwaya ikitoa albamu bado inapanga CD kwenye meza mlangoni pa kanisa Jumapili na pesa inaingia palepale. Kwa hiyo kazi ipo, ila mteja wa sasa hivi ni mtu ambaye hiyo diski kwake ni kumbukumbu, sio kitu cha kutupa, ndo maana lazima tuifanye kwa heshima.

Kilichonifundisha kupanga meza ni siku moja mbaya. Nilikuwa nachoma DVD za mazishi ya mzee mmoja, kopi 60, kwenye kimeza kidogo, diski tupu zimekaa hapa, zilizochomwa zimekaa hapahapa pembeni, umeme ukakatika, nikatoka nje kidogo, niliporudi sikujua tena rundo lipi ni lipi, nikakisia. Familia ikabeba DVD zao mpaka Isingiro, safari ya siku nzima, ukoo ukakusanyika sebuleni, wakaweka diski kwenye deki na deki ikakataa. Wakaweka ya pili, ikakataa. Mtoto wa marehemu alinipigia usiku ule, wala hakunigombeza, aliniuliza tu, "Ile video ya baba bado iko?" Ilikuwa bado iko kwenye hadi disiki, nikawachomea upya na nauli nikalipa mimi. Kesho yake asubuhi nikabomoa mpangilio wangu wote nikaanza upya, na huu ndo mpangilio ninaokuonyesha hapa.

Karatasi ya ruhusa kabla ya diski

Hili nalipitia haraka ila usiliruke. Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na kukopi kazi ya mtu bila ruhusa yake ni kosa. Mimi mteja akileta albamu au video anasaini karatasi kwamba kazi ni yake au amepewa ruhusa, jina la kazi, idadi ya kopi, tarehe. Karatasi inaingia kwenye faili na faili linakaa rafuni pale kwenye kona ya kazi, sio nyumbani. Mtu akileta DVD ya filamu ya dukani au albamu ya msanii mwingine anataka kopi 100, namrudisha.

Chumba: adui ni vumbi, moshi na maji

Huhitaji chumba kikubwa. Changu ni futi 10 kwa 10. Ila angalia jirani zako kabla hujaweka meza. Hapa Katwe jirani yangu wa upande mmoja anachomelea mageti na anasaga vyuma siku nzima, na ule unga wa chuma ukitua kwenye diski halafu ukaupangusa, umechora mistari tayari. Upande mwingine kuna kijana anakaanga rolex, zile chapati za mayai, harufu nzuri sana lakini ule mvuke wa mafuta unasafiri, unaenda kukaa kwenye lenzi za mashine kama utando, na lenzi yenye utando inasoma vibaya na inachoma vibaya. Kwa hiyo dirisha linaloangalia hao wawili nimeliziba kabisa, nafungua lile la nyuma tu, nalo nimelipiga wavu na kitambaa chepesi ninachokifua kila wiki. Kama sigiri, jiko la makaa, ya nyumbani iko karibu, isogeze. Usipikie kwenye chumba cha diski, hata chai.

Juu angalia pia. Kama mabati yako hayana dari, kila upepo ukivuma kuna vitu vinadondoka, masizi, mavumbi, uchafu wa mijusi. Piga dari, na kama pesa haijatosha tandaza karatasi ngumu ya nailoni juu ya eneo la meza, uikaze kwenye mbao. Chini usiweke zulia la manyoya, linashika vumbi na ukikanyaga linalitoa. Saruji laini au kapeti ya plastiki inatosha, unapiga deki kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kwa ufagio mkavu ndani ya chumba hiki ni marufuku, kwa sababu vumbi linapanda hewani na linachukua muda kutua, na mahali linapotua ni kwenye diski zako. Napiga deki asubuhi, naacha chumba kama nusu saa, ndo nafungua diski. Viatu vinabaki mlangoni, hasa Juni mpaka Agosti wakati kila kitu nje ni chekundu kwa vumbi.

Na maji. Sehemu za bondeni Kampala mvua ikipiga maji yanaingia ndani bila hodi. Diski, mashine, ekstensheni, hakuna kitu kinachokaa sakafuni. Rafu yangu ya chini kabisa iko futi mbili kutoka chini na ekstensheni nimeipigilia ukutani.

Meza: diski inatembea upande mmoja tu

Hapa ndo penyewe, soma taratibu.

Meza yangu ni ndefu, mita moja na nusu kwa sentimita 60, juu nimebandika fomaika nyeupe. Nyeupe kwa sababu uchafu unauona. Usitandike kitambaa, kinatoa nyuzi. Usitandike gazeti, linatoa wino. Fomaika unapangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, inakauka dakika mbili, umemaliza.

Sasa igawe meza kwa macho kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto kabisa ni diski tupu. Kinachofuata ni mashine. Baada ya mashine ni diski zilizochomwa ambazo hazijajaribiwa. Halafu sehemu ya kujaribu, yaani deki na skrini ndogo. Mwisho kulia ni zilizopita mtihani. Printa na kufunga kava viko kwenye meza nyingine, na kama huna meza nyingine vifanye siku nyingine, lakini usivichanganye na kuchoma, kwa sababu karatasi za kava zinatoa vumbi la karatasi na wino ukimwagika hapo umekwisha. Kama unatumia mkono wa kushoto geuza mpangilio wote, hakuna shida, muhimu ni kwamba diski ikishavuka mashine hairudi upande wa tupu kwa sababu yoyote ile. Hata kama una uhakika. Hata kama mashine imeikataa kabla ya kuanza kuchoma. Imevuka, imevuka.

Nimeweka mabeseni manne ya plastiki ya rangi tofauti, yale madogo ya kawaida ya sokoni. Bluu ni tupu, njano zimechomwa hazijajaribiwa, kijani zimepita, jekundu ni mbovu. Ndani ya kila beseni nimesimamisha kile kikopo cha duara chenye mti katikati ambacho diski 50 zinakuja nacho, ili diski zivalishwe kwenye mti wake zisigusane na beseni, na kifuniko chake kinarudi juu kila ukimaliza kuchukua. Diski inayoingia kwenye jekundu naikata kwa mkasi palepale. Usiseme nitaikata baadaye, baadaye ndo inarudi kwenye rundo.

Alafu kitu kingine ambacho nakisisitiza mpaka vijana wangu wanachoka kunisikia: kazi moja mezani kwa wakati mmoja. Kama unachoma za kwaya, basi masta ya harusi, yaani ile diski mama inayokopiwa, haipo mezani, kava zake hazipo mezani, hata flashi ya mwenye harusi iko kwenye bahasha yake rafuni. Kila mteja ana bahasha moja kubwa ya kaki, ndani yake masta, karatasi ya ruhusa, sampuli ya kava. Bahasha inafunguliwa, kazi inafanyika, kila kitu kinarudi, bahasha inafungwa, ndo ya pili inafunguliwa. Kumpa mtu mazishi ndani ya kava la harusi ni jambo ambalo huwezi kuliombea msamaha ukaeleweka.

Taa iwe nyeupe, ya LED, iinamie sehemu ya kujaribu. Utaihitaji sana, nitakuonyesha.

Umeme

Diski ya kuandika mara moja, umeme ukikatika katikati ya kuchoma, hiyo imekufa, na kama mashine ina trei saba basi zimekufa saba kwa mpigo. Kwa hiyo UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, sio anasa. Draivu moja, yaani kile kichomeo cha kila trei, ikichoma inakula kama wati 20 hadi 25, saba pamoja na mashine yenyewe weka karibu 200, na UPS ya 650VA inatoa kama wati 360, kwa hiyo inabeba. Haikupi saa nzima, inakupa dakika chache, na dakika chache ndo unazotaka, umalize mzunguko ulioanza halafu uzime. Kwenye UPS hiyo chomeka mashine ya kukopi peke yake. Usichomeke printa, usichomeke feni, usichomeke chaja ya jirani.

Ukiwa karibu na wachomeleaji kama mimi utaona taa inafifia kila wakigusa chuma. Huo umeme wa kupanda na kushuka unasumbua draivu. Stabilaiza inasaidia, lakini dawa niliyoipata mimi ni kuchoma jioni wakishafunga, kuanzia saa moja na nusu hivi, na mchana nafanya kuprinti na kufunga. Tena jioni mabati yamepoa, chumba kina joto la kawaida, mashine inafanya kazi bila kuhema. Nyuma ya mashine acha nafasi ya kiganja na nusu hewa ipite, usiisukumie ukutani.

Waya zote zifungwe pamoja na kila plagi ibandikwe jina. Siku moja mtu atataka kuchaji simu na atang'oa plagi ya mashine katikati ya mzunguko, mwandikie kabisa USIGUSE.

Mashine na diski zenyewe

Huna pesa ya mashine ya trei saba? Anza na kompyuta ya mezani yenye draivu mbili za DVD. Kwenye Windows ImgBurn ni ya bure na inafanya kazi vizuri, kwenye Linux tumia K3b au Brasero. Mpangilio wa meza ni uleule. Kazi ikiongezeka ndo utafute mnara wa trei saba, ule unaosimama wenyewe bila kompyuta, unaweka masta kwenye trei ya kusomea ya juu na tupu kwenye zile saba, unabonyeza kopi.

Diski nunua kwanza kopo moja, jaribu, ndo urudi kuchukua katoni. Kuna diski feki nyingi mjini, sanduku zuri ndani takataka. Mimi nafungua kopo, nachukua moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini kabisa, nachoma, najaribu kwenye deki kuukuu. Zikipita zote tatu ndo naamini. DVD tupu ziko za aina mbili, DVD-R na DVD+R, na kwa deki za zamani nimeona DVD-R inakubalika zaidi, kwa hiyo nakaa na DVD-R. CD inabeba dakika 80 za muziki au megabaiti 700. DVD ya kawaida imeandikwa 4.7GB lakini kompyuta itakuonyesha 4.38, ni namna tu ya kuhesabu, ila usije ukamwahidi mteja kwamba faili lake la 4.6 la kwenye kompyuta litaingia, halitaingia.

Kwa video, hakikisha imetengenezwa kwa PAL, yaani picha 25 kwa sekunde, ukubwa wa 720 kwa 576, ndo deki na TV zetu za hapa zimezoea. Kwa redio za gari, choma CD ya muziki ya kawaida, usichome mafaili ya MP3 matupu, kwa sababu redio nyingi za zamani hazisomi MP3 na mteja atakuja kusema CD yako mbovu.

Masta

Masta usiichukue hivi hivi kutoka mkononi mwa mteja ukaitupia kwenye mashine. Mteja akileta DVD iliyochubuka, mashine itasoma kwa shida na kopi zote zitabeba yale makwama. Ivute kwanza iwe faili moja zima kwenye kompyuta, likae kwenye hadi disiki mbili tofauti, halafu uchome masta mpya taratibu kwa kasi ya 4x. Ijaribu kwenye deki tatu: moja kuukuu, moja mpya, na kompyuta. Kama ni CD, nenda nayo kwenye gari la mtu. Halafu mwite mteja akae aiangalie yote mwanzo mpaka mwisho, mbele yako, asaini kwenye daftari. Wengi watakwambia nakuamini, usikubali. Kwaya moja iligundua kwenye wimbo wa nane jina la msoloisti limeandikwa vibaya, na tulikuwa hatujachoma hata moja. Masta zichome mbili, moja ya kazi, moja inalala kwenye bahasha.

Mzunguko wa kuchoma, mkono kwa mkono

Nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa. Glavu za pamba mimi sizipendi, zinatoa nyuzi na diski inateleza. Mkono safi mkavu unatosha.

Shika diski pembeni, kidole gumba ukingo mmoja na kidole cha kati ukingo wa pili, au ingiza kidole kwenye tundu la katikati. Upande unaong'aa hauguswi na mtu. Na upande wa juu nao uuheshimu, hasa CD, kwa sababu kwenye CD data iko juu kabisa chini ya kile kirangi chembamba, ukikwaruza juu umeua data na hakuna wa kuirudisha. DVD yenyewe data imekaa katikati ya plastiki mbili, inavumilia kidogo.

Kabla ya kuingiza trei, inamisha diski chini ya taa. Ukiona chembe ya vumbi, ipulize kwa ile pampu ya mpira ya kusafishia kamera. Usipulize kwa mdomo, mate yanatoka hata usipoyaona. Isipotoka, kitambaa laini cha mikrofaiba, unapangusa kutoka tundu la katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usizungushe! Mkwaruzo unaofuata duara unafunika data nyingi mfululizo na deki inashindwa kujirekebisha, mkwaruzo unaokatiza kutoka ndani kwenda nje deki inauruka.

Kasi. Diski imeandikwa 16x, wewe choma kwa 8x. Kwa 8x DVD iliyojaa inachukua dakika saba mpaka nane na kidogo ya mashine kuifunga diski, ukihesabu na kupakia na kupakua weka dakika 12 kwa mzunguko. Kopi 200 kwa trei saba ni mizunguko 29, kazi ya karibu masaa sita. Mweleze mteja hivo mapema ili asije akakusimamia kichwani, maana ukikimbizwa ndo unaanza kuchanganya mabeseni. Trei zisikae wazi ukisubiri. Toa, ingiza, funga. Trei iliyo wazi ni mdomo wa kumeza vumbi.

Kila diski inapotoka, kwenye kile kiduara cha plastiki kisicho na data katikati naandika namba ya trei kwa kalamu ya diski ya wino wa maji, kanamba kadogo tu, 3, 5, 7. Kazi ya kusumbua, najua, lakini itakuokoa kama utakavyoona.

Kujaribu

Mzunguko wa kwanza jaribu zote saba. Baada ya hapo jaribu moja kila mzunguko na ubadilishe trei, leo ya 1, mzunguko unaofuata ya 2, hivo hivo mpaka urudi mwanzo. Usiangalie mwanzo tu wa video, ruka mpaka katikati na mpaka dakika za mwisho, kwa sababu DVD inachomwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndo unaoharibika kwanza, kwa hiyo mwisho wa video ndo utakwama. Draivu moja ikianza kutoa mbovu mbili mfululizo, ile namba uliyoandika inakuonyesha ni ipi, unaizima hiyo tu na kurudi kujaribu zote zilizotoka kwenye hiyo trei, badala ya kutilia shaka kazi nzima.

Na hii ndo sababu ya ile taa ya LED. Chukua diski uliyochoma na diski tupu, zishike pamoja, geuza upande unaong'aa, inamisha taratibu chini ya mwanga. Tupu ina rangi moja kutoka ndani mpaka nje, zambarau iliyotulia kama kioo. Iliyochomwa utaona pete, sehemu ya ndani imebadilika kidogo, imefifia au imekolea, halafu kuna mstari mwembamba wa duara mahali data ilipoishia. Mstari huo ukiwa mahali pamoja kwenye diski zote za kazi moja, ujue ziko sawa. Ukikuta moja mstari wake umeishia ndani zaidi, hiyo ilikatika njiani. Ukikuta haina pete, ni tupu. Kila diski inayoingia beseni la kijani naiangalia hivi, zote, bila kujali ni ngapi, na inachukua sekunde mbili tu. Kama ningekuwa najua hili wakati wa ile kazi ya mazishi, ile familia isingelia mara mbili.

Daftari

Kauntabuku moja, mistari ya kalamu. Tarehe, mteja, jina la kazi, diski tupu zilizotoka kwenye kopo, zilizopita, mbovu na trei yake, aliyejaribu, aliyechukua. Hesabu lazima ifunge: kama ulitoa tupu 207, kijani 200, jekundu 7. Ikiwa 199 na 7, kuna diski moja inatembea chumbani, itafute kabla hujalala.

Kuprinti na kufunga

Stika za karatasi usibandike kwenye diski. Zinaongeza uzito upande mmoja, diski inayumba ikizunguka kwa kasi, na kwa joto la ndani ya gari stika inajikunja na inanasa humo humo redioni. Tumia diski zenye uso mweupe wa kuprinti na printa yenye trei ya diski, mimi natumia Epson L805. Diski ikitoka kwenye printa wino bado ni mbichi hata kama unaonekana umekauka. Nilinunua kile kichanja cha plastiki cha kukaushia sahani jikoni, diski zinasimama humo moja moja hazigusani, zinalala usiku mzima. Hakuna kitu nilichonunua kwa pesa kidogo kikanisaidia hivi.

Huna printa, andika kwa mkono kwa kalamu ya diski, mwandiko mzuri. Kalamu ya biki yenye ncha ngumu usitumie. Kava za karatasi watu wengi tunapeleka Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, ila zikija zikunje nje ya chumba, zipanguse, ndo ziingie.

Kuhifadhi na kufunga siku

Diski tupu na zilizochomwa zote zinachukia jua. Ile rangi inayochomwa ni dawa inayoathiriwa na mwanga na joto, kwa hiyo kabati lenye mlango, mbali na dirisha, na sio rafu ya juu kabisa karibu na mabati. Kipindi cha mvua tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe ukivipata. Diski zisimame kama vitabu ndani ya kasha zake, zisirundikwe kulala miezi.

Usiku ukimaliza: trei zote zimefungwa, mashine imezimwa na imepoa, ndo unaifunika na shuka safi ya pamba, usiifunike ikiwa moto. Beseni la njano liwe tupu, chochote kilichobaki humo kijaribiwe usiku uleule. Vipande vya jekundu vinatolewa nje. Bahasha inarudi rafuni.

Na mteja akirudi na diski anasema haichezi, usibishane naye mlangoni. Mkaribishe, mwombe diski, iangalie chini ya taa, soma namba ya trei, fungua daftari. Iweke kwenye deki yako kuukuu. Ikicheza, muulize anatumia deki gani, mwambie ailete, mara nyingi lenzi yake imeshika masizi na fundi wa redio anaisafisha dakika kumi. Isipocheza, mpe nyingine palepale bila malipo, kata ile ya kwanza kwa mkasi, halafu mpigie kila mtu aliyechukua diski za trei hiyo siku hiyo.